Kikohozi cha Mbayuwayu

1

Kaa kwenye hicho kiti cha bluu, si kile chenye mguu uliofungwa waya. Boneti tutaifungua baadaye. Kabla sijagusa kontroli boksi la mteja yeyote natakiwa nimsimulie habari hii tangu mwanzo mpaka mwisho, na nisipofanya hivyo nitakuwa nimevunja hukumu. Chai ipo kwenye chupa, kikombe kimeoshwa. Ukiona naruka mahali panaponiaibisha, nikumbushe, maana nimewahi kufanya hivyo.

Jina langu umelisoma getini: Fundi Tupokigwe Mwakabungu, Kuamsha Injini, Uyole. Naamsha, sitengenezi. Kila injini inatoka kiwandani ikiwa imefichiwa nusu ya nguvu zake, kama mama anavyoficha sukari wageni wasiimalize. Anayeficha ni kontroli boksi. Yeye ndiye anayeamua injini inywe mafuta ya miwa kiasi gani, plagi ziwake lini, turbo isukume hewa kwa nguvu ipi. Haya yote yamo kwenye ramani yake. Mimi naisoma ile ramani, narekebisha palipobanwa, kisha nagonga muhuri wangu ndani yake ili ajulikane nani wa kulaumiwa. Milima yetu hii hewa ni nyepesi, na ramani iliyochorwa na watu wa pwani ikifika Isyonje inahema kama mgonjwa. Mimi nimeamsha magari mia sita na zaidi, na hakuna hata moja lililohema.

Sasa, wewe ni kijana. Ulizaliwa Salamu ipo. Sisi tuliendesha kabla yake, wakati magari yalipoanza kujiongoza na kuzungumza yenyewe barabarani. Kwenye njia nyembamba za milimani yalikuwa yanasimama uso kwa uso, kila moja likipiga hesabu kwamba lenyewe ndilo lenye haki ya kupita, mpaka abiria wanashuka na kuwasha moto wa kuchoma mahindi. Wahandisi walijaribu kila aina ya hesabu. Mwishowe mmoja wao, wanasema mama aliyekulia kwenye nyumba ya watoto kumi na moja, akawauliza kwa nini wanajisumbua. Kwao watu wawili wakikutana mlangoni, mdogo anampisha mkubwa, na hakuna aliyewahi kukwama.

Ndiyo ikawa sheria, ikaitwa Salamu. Gari dogo kwa umri linasema shikamoo, linapunguza mwendo, linakaa pembeni, na haliondoki mpaka kubwa limeitikia marahaba. Umri wenyewe haukuandikwa popote, kwa sababu ungeandikwa ungefutwa siku ya pili, tunajuana. Boksi linausoma kwenye injini: jinsi ringi zilivyolika, jinsi linavyotetemeka likiwashwa asubuhi kwenye baridi, jinsi linavyokohoa likiwa limesimama. Unaweza kupaka rangi mpya na kubadilisha namba, lakini kikohozi hakidanganyi. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

2

Gwakisa aliingia hapa siku ya Jumatatu, masika yakiwa yamepamba moto. Alikuwa daktari wa ng'ombe, umri miaka ishirini na tisa, mabuti yenye tope na gari la manjano lililonifanya nisimame kabla hajazima injini. Lilikuwa Mbayuwayu, la viti viwili, nguvu za farasi mia nne, umri miaka miwili. Alikuwa amelinunua kwa akiba yake yote, na aliponyoosha mkono kufungua mlango niliona anaufungua kwa vidole viwili, asije akaliumiza.

Nikamwambia nguvu zinatosha, nimwongezee nini. Akasema hataki nguvu, anataka miaka.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba kuna binti anaitwa Atuganile, mwalimu wa hisabati huko Tukuyu, na wamekubaliana. Kilichobaki ni baba yake. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa saa, ambaye kwake saa nne ni saa nne. Gwakisa ameitwa kujitambulisha mara tatu, na mara tatu amechelewa. Mara ya tatu aliondoka Uyole saa kumi na mbili asubuhi, lakini ulikuwa msimu wa viazi na barabara nzima ilijaa malori ya zamani. Mbayuwayu lilisema shikamoo mara arobaini na sita. Mzee akamwambia kupitia dirishani kwamba atampa Jumamosi moja ya mwisho, na akichelewa tena akatafute mke kwa watu wasio na saa.

"Panda basi," nikamwambia.

"Fundi, nikienda na basi atasema nimekuja na gari la watu," akasema. "Mimi nataka anione mimi. Nilivyo na changu."

Nilimwambia kuchezea umri ni kosa, na fundi akikamatwa muhuri wake unavunjwa mbele ya watu. Akaangalia mabuti yake. Halafu akasema basi, asante mama, na akaanza kuondoka polepole, kama mtu anayetumaini kuitwa.

Nikamwita.

Sitasema nilimhurumia. Nilimhurumia kidogo. Kilichoniponza ni kiburi cha kazi, kwa sababu tangu aseme neno miaka kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuchora. Unamfundishaje kijana kukohoa kama mzee huku miguu yake ikibaki ya kijana? Hilo hakuna fundi aliyewahi kuliweza. Nikataka niwe wa kwanza, hata kama sitaweza kumsimulia mtu.

3

Kazi ilinichukua siku nne. Nilichelewesha plagi kidogo injini ikiwa imesimama, nikaipa mafuta mazito asubuhi ili itetemeke, nikaiacha ipumue bila mpangilio. Haikufaa. Ilisikika kama kijana anayejifanya mgonjwa ili asiende shamba. Boksi lilisoma likasema miaka mitatu.

Nikaona lazima nipate mzee wa kweli wa kuiga. Hapa kabatini naweka ramani za magari yote ninayoyahudumia, na miongoni mwake ilikuwemo ya pikapu ya kijivu ya Mwalimu Ambakisye, miaka arobaini na moja, gari ambalo kati ya Uyole na mpakani halimsalimii yeyote. Linasalimiwa tu. Nimelihudumia miaka kumi na tano. Lina kikohozi cha aina yake: viwili vifupi, kimya, kisha kimoja kirefu, kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Nikakinakili chote. Kisha nikaongeza miaka mitatu juu, kama unavyoongeza chumvi baada ya kuonja. Boksi la Mbayuwayu likasoma arobaini na nne.

Utaniuliza kama sikufikiria kwamba Mwalimu Ambakisye naye anaishi Tukuyu na ni mwalimu mstaafu. Kila mteja ananiuliza hapa. Tukuyu walimu wastaafu wamejaa kama migomba, na pikapu ile ilikuwa inatoka Jumapili tu, kwenda kanisani na kurudi. Jina la mkwe sikuuliza. Nilikuwa na furaha mno ya kile kikohozi. Nilikaa kwenye hicho kiti ulichokalia nikakisikiliza nusu saa, na nilijipenda.

4

Jumamosi nilikwenda naye, maana injini iliyotoka kuamshwa haiachwi peke yake siku ya kwanza. Gwakisa alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Nikamwambia suti ya namna hiyo msimu wa masika ni kumchokoza Mungu. Akasema leo hatashuka mpaka sebuleni.

Tuliondoka saa tatu kasoro. Lori la kwanza la viazi tulilikuta kabla hatujamaliza nyumba za Igawilo. Lilikuwa na miaka thelathini na moja, bodi limefungwa kamba. Likasema shikamoo kwa sauti nzito na kuhamia pembeni. Mbayuwayu likakohoa, vikohozi viwili, kimya, kimoja, likaitikia marahaba, likapita. Gwakisa alipiga usukani kwa kiganja akacheka mpaka machozi. Nami nilicheka, kwa nini nifiche. Isyonje tulipanda kama tunateremka. Mabasi, matrekta, lori la mbao, vyote shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Ila nikaanza kuona jambo ambalo sikulitarajia. Kioo cha mbele yetu kilikuwa kinaandika maombi. Magari mawili yenye umri sawa yamekutana kwenye daraja la mbao, yanaomba mzee aamue. Gari la mama mmoja limeishiwa maji, linaomba mzee asimame. Msafara wa msiba unaomba mzee autangulie. Hiyo ni sheria ile ile, kifungu ambacho sisi wenye magari madogo hatukuwahi kukisoma kwa sababu hakikutuhusu. Gwakisa alibonyeza baadaye, baadaye, baadaye, akaniambia akitoka kwa mkwe atarudi kuwahudumia wote. Saa ilionyesha tatu na nusu. Tulikuwa tunawahi.

Baada ya Kiwira mvua ilikuwa imekata barabara, na kulikuwa na njia ya mchepuko, nyembamba, tope pande zote mbili. Mbele yetu ilikuwa inakwenda pikapu ya kijivu yenye makreti ya soda nyuma.

Niliijua kabla sijaona namba. Ilikuwa ile ya Mwalimu Ambakisye. Pikapu ile ilikuwa haijampisha mtu tangu miaka kumi nyuma, na dereva wake hakuwa na habari kwamba leo atampisha. Nilisikia kwa masikio yangu sauti yake ikisema shikamoo, kwa kusitasita, kama mtu anayetamka neno la lugha ngeni. Ikasogea pembeni. Pembeni palikuwa hakuna ardhi, palikuwa uji. Ikatitia mpaka kwenye ekseli, na kreti moja la soda likaanguka.

Njia ikawa nyeupe mbele yetu.

Hapa ndipo huwa naruka, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mimi nilitaka tupite. Nilijua tukisimama Mwalimu atakisikia kikohozi cha gari lake kikitoka kwenye gari la mwingine, na muhuri wangu utakwisha. Tukipita, kijana atafika kwa wakwe saa nne kamili, atapata mke, na trekta lolote litamvuta mzee. Nilijiambia hata hajaumia. Nikamwambia Gwakisa, kwa sauti ya fundi anayejua, asizime injini, tuende, tutachelewa.

Gwakisa hakujua ni nani yule. Pikapu hiyo hakuwahi kuiona, kwa wakwe hulala bandani. Aliangalia saa, akaangalia suti yake, akasimamisha gari.

"Mama, lile gari limezama kwa sababu ya uongo wetu," akasema. "Siwezi kwenda kuomba mtoto wa watu nikiwa nimemwacha mtu kwenye tope."

Akashuka. Tope likamfika magotini hatua ya pili. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, mimi mwanamke wa miaka hamsini na sita, nimefundishwa na mtoto.

5

Mwalimu Ambakisye alikuwa ameshashuka upande wa pili, kofia mkononi. Miaka kumi alikuwa hajakutana na gari linalolizidi lake, na alikuja kumwona huyo mzee kwa heshima zote, ameinamisha kichwa kidogo. Akaliona Mbayuwayu, manjano kama ndizi mbivu, bado lina karatasi ya kiwandani kwenye kioo cha nyuma. Kisha akamwona Gwakisa. Kisha akaniona mimi nikijifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Ndipo Mbayuwayu, lililokuwa limesimama na injini inawaka, likakohoa: viwili vifupi, kimya, kimoja kirefu. Pikapu ikajibu kutoka kwenye tope, vile vile. Mwalimu akageuza kichwa huku na huku.

"Hilo gari lina miaka mingapi?" akauliza.

Gwakisa angeweza kusema arobaini na nne. Kontroli boksi lingemtetea, na muhuri wangu ungemtetea. Alisimama pale na suti iliyokuwa na rangi ya maziwa juu na chokoleti chini.

"Miwili, Mwalimu," akasema. "Nilitaka kuwahi kwako."

Hapo nikatoka. Siku za mwizi ni arobaini, zangu hazikufika hata moja. Nikamwambia kikohozi ni cha gari lake, nimekiiba kabatini kwangu, kijana aliomba na mimi ndiye niliyefanya. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akasema kwanza tutoe soda za wageni kwenye tope.

Farasi mia nne siku hiyo walipata kazi yao ya kwanza ya maana. Tulifunga kamba, Gwakisa akasukuma kwa bega, mimi nikashika usukani wa Mbayuwayu nikalipa mafuta kidogo kidogo, na pikapu ikatoka kwa mlio kama wa ng'ombe anayezaa. Daktari akasema hata mkao ulikuwa ule ule. Mwalimu aligeuka upande ili tusimwone akicheka, lakini mabega yalimsaliti.

Tulifika saa tano kasoro kumi. Ndugu walikuwa wamekaa, Atuganile amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyekwisha kulia mara moja. Mwalimu alitangulia kuingia, tope mpaka kiunoni, na kijana nyuma yake tope mpaka kiunoni. Watu wote wakaangalia saa ya ukutani.

"Tumechelewa," Mwalimu akasema, akaomba maji ya kunawa. Ya watu wawili.

Atuganile alikwenda kuyaleta mwenyewe, na alikuwa anatembea kama anayecheza.

6

Kesi iliamuliwa baada ya chakula. Kwa sheria ya Salamu, kosa la barabarani huamuliwa na mwenye gari kongwe kuliko yote yaliyokuwepo, na kongwe la kweli lilikuwa la Mwalimu. Alisimama kama yuko darasani. Alisema Gwakisa alitaka ukubwa, basi apewe. Mbayuwayu litabaki na miaka arobaini na nne kwa mwaka mzima, na hakuna kubonyeza baadaye. Kila ombi la mzee barabarani, atasimama. "Ukubwa jalala, mwanangu," akamwambia. "Kaa chini ya takataka zetu uone." Mimi nikaachiwa muhuri wangu, kwa sharti kwamba nisiguse boksi la mtu mpaka nimemsimulia habari hii yote, na mahali nilipotaka kupita nisipaache.

Ungemwona Gwakisa mwaka ule. Alitangulia misiba kwa mwendo wa miguu, gari la manjano mbele, kwaya nyuma. Alivuta malori ya viazi. Aliamua ugomvi wa madereva kwenye madaraja mpaka wakaanza kumletea na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kila aliposimama palikuwa na mtu mwenye ng'ombe, kwa hiyo akatibu ng'ombe wengi kuliko alipokuwa anawahi. Watu wakamwita Mzee, na yeye akawa anageuka.

Jambo moja Mwalimu hakulipigia hesabu. Gwakisa alikuwa anakwenda Tukuyu kila Jumapili, na kila Jumapili, mbele ya waumini wote wakitoka kanisani, pikapu ya baba mkwe ilikuwa inasema shikamoo kwa gari la mkwe wake. Kwa sauti. Na haikuondoka mpaka imeitikiwa.

Mwezi wa tatu wa hukumu Mwalimu alikuja hapa peke yake. Alikaa hapo ulipokaa, akasifu chai, akauliza habari za mvua. Kisha akaweka kofia gotini.

"Fundi, pikapu yangu," akasema. "Ukiiongezea miaka minne, nani atajua? Hata mitatu na nusu."

Nikamwambia samahani Mwalimu, kabla sijagusa boksi la mteja natakiwa nimsimulie habari fulani. Nikamsimulia yote, tangu mwanzo. Alisikiliza. Nilipofika pale pa kutaka kupita, alikohoa mwenyewe, viwili na kimoja. Nikamwambia angeweza kuifuta ile hukumu ya kijana, ni rahisi tu. Akasema hukumu haifutwi kwa sababu imemuuma aliyeitoa. Akavaa kofia akaenda zake, na Jumapili iliyofuata pikapu ikasema shikamoo.

Akavumilia mwaka mzima, sikudanganyi. Siku ya mwisho ya hukumu, wiki moja kabla ya harusi, waliyaleta magari yote mawili uani hapa, uso kwa uso. Nilikitoa kile kikohozi kwenye Mbayuwayu mstari kwa mstari, na nilisikitika, kilikuwa kazi yangu bora. Gwakisa akawasha. Injini ilinguruma safi, ya kijana. Boksi likasoma miaka mitatu, likaiona pikapu, likasema shikamoo.

Mwalimu hakusubiri gari lake lijibu. Alitoa kichwa dirishani, akaitikia mwenyewe, marahaba ndefu iliyofika mpaka barabarani, na Gwakisa akashuka akaenda kumshika mkono.

Nikamkumbusha Mwalimu kwamba hukumu yangu mimi hakuitaja mwisho wake. Akafikiri kidogo, akasema anajua.

Kwa hiyo wewe ni mteja wa mia moja na kumi na tatu. Chai imekwisha, habari imekwisha. Haya, fungua boneti, na uniambie tena, taratibu: ulisema unataka gari lako liwe na miaka mingapi?